Volti Chache kwa Kazi Ile Ile: Somo Linalostahili Kufundishwa

Msomaji akiulizwa kompyuta ziko wapi katika wilaya yake, huenda akataja ofisi ya mkuu wa shule, benki ya mjini au duka la kunakilishia karatasi. Ukweli ni kwamba zilizo nyingi zaidi zimefichwa ndani ya vyombo vingine, na hazina kioo kikubwa wala kibao cha herufi. Mita ya LUKU, inayopokea tarakimu 20 na kutufungulia umeme, ina kompyuta ndogo ndani yake. Mashine ya mfanyabiashara ya kutolea risiti inayo. Simu ya mkononi ina kadhaa. Ndani ya kila moja ya kompyuta hizo mna prosesa, yaani kipande cha silikoni chenye transista maelfu au mamilioni, kinachotekeleza maagizo hatua kwa hatua.

Kila prosesa hupangiwa mambo mawili kabla haijaanza kazi: itakwenda kwa mwendo gani, na italishwa umeme wa volti ngapi. Mambo hayo mawili yana sehemu kubwa katika kuamua kama betri itadumu kwa siku chache au kwa miezi. Hata hivyo, aghalabu hupangwa na mtu aliye mbali, ambaye hajui chombo chake kitatumika wapi. Kibao cha kujifunzia kiitwacho Arduino Uno, mathalani, huja kikiwa kimepangwa kwenda kwa megahezi 16 na volti 5, kwa kuwa waliokitengeneza walitazamia kitapata umeme kutoka kwenye waya wa kompyuta ya mezani. Hakuna kosa katika hilo. Lawama huanza pale tunapokichukua kibao hicho, tukakipeleka ziwani au shambani, tukauacha mpangilio ule ule, kisha tukalalamika kwamba betri hazina maisha.

Maoni yangu ni haya: kuchagua mwendo na volti za prosesa ni somo linalostahili kufundishwa katika shule zetu za sekondari, bila kungojea chuo kikuu. Hesabu zake zimo ndani ya fizikia ya umeme ambayo mwanafunzi anaijua tayari. Na shule zilizo mahali kama Nyegina zina sababu kubwa kuliko nyingi ya kulidai somo hilo.

Kwa nini Nyegina

Nyegina ipo Musoma Vijijini, jirani na Ziwa Viktoria. Ni kweli kwamba nyaya za umeme zimeenea katika vijiji vya Mkoa wa Mara kuliko zamani. Lakini nguzo ya umeme haisimami majini, wala haifuati kila shamba. Tuchukue mfano wa vizimba vya kufugia samaki, ambavyo sasa huonekana sehemu nyingi za ziwa. Samaki waliosongamana kizimbani huhitaji oksijeni iliyoyeyuka majini. Mchana mimea midogo ya majini huitengeneza kwa msaada wa mwanga wa jua. Usiku mimea hiyo hiyo huitumia pamoja na samaki. Kwa hiyo kiasi cha oksijeni hushuka hadi chini kabisa karibu na alfajiri, saa ambazo mfugaji amelala na paneli ya jua haizalishi chochote. Kifaa cha kupima oksijeni kikizimika saa kumi za usiku, kimezimika wakati ule hasa kilipohitajiwa, na mfugaji aweza kuamka akakuta samaki wake wanaelea.

Kifaa kama hicho, na kipima mvua cha shambani, na kipima upepo cha ufukoni, vyote huishi kwa betri. Kwake nishati ni akiba ya kuhesabiwa, kama nafaka ghalani wakati wa kiangazi. Basi kijana anayetaka kuvitengeneza vyombo hivi, au kuvinunua kwa akili, hana budi kujua nishati inakwenda wapi.

Mapigo na volti

Prosesa huenda kwa mapigo. Ndani yake, au kando yake, mna saa ya umeme, na idadi ya mapigo ya saa hiyo kwa sekunde ndiyo marudio yake. Tukisema megahezi 16, maana yake ni mapigo milioni 16 kila sekunde. Katika kila pigo baadhi ya transista hufunguka na nyingine hufunga, na chaji ya umeme hujazwa sehemu moja na kumwagwa sehemu nyingine. Mwanafunzi aliyesoma habari za kapasita ataelewa mara moja: njia ndogo zilizo ndani ya prosesa ni kama kapasita nyingi mno, kila moja ndogo sana, zinazojazwa na kumwagwa bila kukoma. Kila zinapojazwa na kumwagwa, betri hutoa nishati inayolingana na uwezo wa kapasita hizo ukizidishwa kwa volti, kisha ukizidishwa tena kwa volti zile zile. Tukizidisha na idadi ya mapigo kwa sekunde, tunapata nguvu, yaani nishati inayotumika kila sekunde:

P = C × V² × f

Hapa P ni nguvu kwa wati, C ni uwezo wa kapasita zinazofanya kazi, V ni volti na f ni marudio. Jambo la kuangaliwa sana ni kwamba f imeingia mara moja, lakini V imeingia mara mbili.

Tena f na V hazikuachiliwa kila moja ijiendee itakavyo. Transista hufunguka upesi zaidi inaposukumwa na volti nyingi. Volti zikiwa chache hufunguka polepole, na pigo linalofuata likija kabla ya lile la kwanza kumaliza kazi yake, prosesa hukosea. Ndiyo maana mtengenezaji huandika ukomo wa mwendo kwa kila kiasi cha volti. Prosesa ya ATmega328P, ambayo ndiyo iliyomo katika Arduino Uno, imeruhusiwa kwenda hadi megahezi 20 ikipewa volti zisizopungua 4.5, hadi megahezi 10 kwa volti 2.7, na hadi megahezi 4 kwa volti 1.8. Kwa hiyo faida ya kupunguza mwendo ni kwamba mwendo mdogo unatupa ruhusa ya kupunguza volti.

Mvuvi wa Ghuba ya Mara anaijua kanuni hii kwa mikono yake, ingawa hajawahi kuiandika. Anayepiga kasia kwa kasi maradufu hupata upinzani wa maji unaokaribia mara 4. Atafika kwa nusu ya muda, lakini safari nzima itakuwa imemla nishati karibu mara 4. Prosesa inayopandishiwa volti ili iende kasi hufanana naye sana.

Tuhesabu

Tuichukue ATmega328P katika hali tatu, zote zikiwa ndani ya ukomo wa mtengenezaji: megahezi 16 kwa volti 5, megahezi 8 kwa volti 3, na megahezi 4 kwa volti 2. Nguvu ya hali ya kwanza tuiite 100. Katika hali ya pili marudio ni nusu, na volti ni tatu ya tano. Tatu ya tano mara tatu ya tano ni 0.36, na nusu yake ni 0.18. Basi nguvu ni 18. Katika hali ya tatu marudio ni robo, na volti ni mbili ya tano. Hesabu inatoa 0.16 mara robo, yaani nguvu ya 4 tu.

Sasa tuipe kila moja kazi ile ile ya mapigo milioni 16. Ya kwanza itamaliza kwa sekunde 1 na kutumia nishati 100. Ya pili itamaliza kwa sekunde 2 na kutumia 18 mara 2, yaani 36. Ya tatu itamaliza kwa sekunde 4 na kutumia 4 mara 4, yaani 16. Kazi ni moja, jibu ni lile lile, lakini betri imetozwa 100, au 36, au 16. Kifaa cha kupima oksijeni hakina haraka. Maji ya ziwa hayabadiliki katika sekunde 3 zilizozidi. Basi kwa nini kilipe 100?

Hapa lipo kosa ambalo wengi hulifanya, na mwalimu yafaa alikemee mapema. Husemwa kwamba ukipunguza mwendo wa prosesa umeokoa nishati. Tujaribu. Tuchukue megahezi 8, lakini volti zibaki 5. Nguvu imeshuka hadi 50, ni kweli. Lakini kazi sasa inachukua sekunde 2, na 50 mara 2 ni 100. Hatukuokoa chochote. Tumekwenda polepole na kulipa nauli ile ile. Methali yetu husema haraka haraka haina baraka. Kwa prosesa methali hiyo ni kweli nusu. Baraka haiji kwa upole wa mwendo, inakuja kwa uchache wa volti.

Lipo na kosa la pili. Volti zaweza kupunguzwa na kifaa kinachochoma ziada na kuigeuza kuwa joto. Betri ikiwa ya volti 5 na prosesa ikapewa 3 kwa njia hiyo, prosesa itatumia 36 kama tulivyohesabu, lakini betri itatoa 60, na zile 24 zilizobaki zitapotea kama joto. Kumbe hesabu ya prosesa peke yake haitoshi; ni lazima kuhesabu kuanzia kwenye betri.

Mtumbwi unaovuja

Msomaji mwerevu atauliza: kama ni hivyo, mbona tusiende polepole kabisa? Jibu ni kwamba mtumbwi huu unavuja. Transista iliyofungwa hupitisha umeme kidogo hata isipofanya kazi, na kando ya prosesa zipo sehemu nyingine zinazokula umeme muda wote kazi inapoendelea: kihisi cha oksijeni, taa ndogo ya kuonyesha uhai, redio ya kutuma habari. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo maji yanavyoingia mtumbwini na ndivyo tunavyoyakumba.

Tuseme sehemu hizo nyingine hutumia nguvu ya 30 daima, na huzimwa kazi inapokwisha. Hali ya kwanza sasa inatumia 100 na 30 kwa sekunde 1, jumla 130. Ya pili inatumia 18 na 30 kwa sekunde 2, jumla 96. Ya tatu inatumia 4 na 30 kwa sekunde 4, jumla 136. Ile hali ya polepole, iliyokuwa bora kuliko zote, imekuwa mbaya kuliko zote, na ya katikati ndiyo iliyoshinda. Badili hiyo 30 kuwa 5, au kuwa 200, na mshindi atabadilika tena. Mwanafunzi afanye hesabu hizo mwenyewe.

Ndiyo sababu wahandisi wamegawanyika pande mbili kwa miaka mingi. Wapo wasemao: nenda polepole kwa volti chache. Mwaka 1994 Mark Weiser na wenzake wa maabara ya Xerox huko California walionyesha kwamba kompyuta yaweza kuokoa nishati kwa kulinganisha mwendo wa prosesa na kazi iliyopo, mradi volti nazo zishuke. Mwaka 2000 prosesa za namna hiyo zilitangazwa kwa ajili ya kompyuta za kubebeka, na leo kila simu ya kisasa hufanya hivyo. Wapo pia wasemao: maliza kazi upesi, kisha ulale. Kila upande una haki mahali pake. Anayetaka kujua upande upi una haki katika kifaa chake hana njia nyingine ila kupima.

Kulala, na kutofanya kazi isiyohitajika

Usingizi wa prosesa si jambo la kudharauliwa. Kwa maandishi ya mtengenezaji, ATmega328P ikifanya kazi kwa megahezi 1 na volti 1.8 hutumia miliampea 0.2, ikilazwa usingizi mzito kwa volti zile zile, hutumia sehemu 1 ya milioni 10 ya ampea. Tofauti ni mara 2,000. Kifaa kinachopima oksijeni mara moja kila dakika 10, na kufanya kazi sekunde 1 au 2 tu kila mara, kisipolazwa kinateketeza karibu nishati yake yote kwa kungoja. Kwa hiyo mpangilio mzuri una daraja: kwanza ondoa kazi isiyohitajika, pili laza kila kinachoweza kulala, tatu chagua volti na mwendo kwa ile kazi iliyobaki.

Mfano wa daraja la kwanza upo ndani ya mkoa wetu. Katika Pori la Akiba la Grumeti, upande wa Bunda na Serengeti, zilijaribiwa kamera ndogo za TrailGuard, za shirika la RESOLVE la Marekani, zinazofichwa njiani ili kuwanasa majangili. Kamera hizo zilisaidia kukamatwa kwa majangili 30, lakini zilisumbuliwa na picha za bure: nyasi zikitikiswa na upepo, au mnyama akipita, kamera iliamka, ikatuma picha na kula betri. Januari 2019 RESOLVE na kampuni ya Intel walitangaza kamera mpya iliyotiwa prosesa ya kutazama picha pale pale porini na kutuma zile tu zenye mtu au gari. Fikiri, msomaji: prosesa imeongezwa, kazi ya kufikiri imeongezwa, na betri ikadumu zaidi, kwa sababu kutuma picha kwa redio ni ghali kuliko kuitazama. Ajuaye kila kazi inagharimu nini ndiye awezaye kuamua ipi ifanywe na ipi iachwe.

Majibu kwa wanaopinga

Kuna watakaosema kwamba paneli za jua zimekuwa rahisi, basi tununue iliyo kubwa na tusisumbuke na hesabu. Paneli kubwa huhitaji betri kubwa, nguzo imara na ulinzi dhidi ya wezi, na bado mawingu ya masika yaweza kuifunika siku kadhaa mfululizo. Betri nazo huchakaa, na kila iliyochakaa ni fedha ya kununua nyingine na taka yenye sumu ya kutupwa. Kifaa kinachotumia theluthi ya nishati kinaweza kuishi kwa theluthi ya betri hizo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mradi unaobaki kijijini miaka mitano na ule unaokufa wafadhili wanapoondoka.

Wengine watasema kwamba kuchezea volti ni hatari. Hao wana hoja, nami ningependa isikilizwe kwa makini. Prosesa iliyonyimwa volti haizimiki daima; mara nyingine huendelea kufanya kazi huku ikikosea, bila kumwambia mtu. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na Leuven walionyesha kwamba baadhi ya prosesa za Intel, volti zake zikipunguzwa kupita kiasi, zilitoa majibu yasiyo sahihi ya kuzidisha, na kwamba mdukuzi angeweza kulitumia kosa hilo kuiba siri zilizofungiwa ndani. Kipima oksijeni kinachoonyesha maji ni salama ilhali si salama ni kibaya kuliko kilichozimika, kwa maana kilichozimika angalau hakidanganyi.

Lakini hoja hiyo, nionavyo, inazidi kutuonyesha umuhimu wa kufundisha. Anayejua hukaa ndani ya ukomo ulioandikwa na mtengenezaji. Anajua kwamba anapotaka kuongeza mwendo ni lazima aongeze volti kwanza, kisha marudio; na anapotaka kupunguza, apunguze marudio kwanza, kisha volti. Akigeuza mpango huo, kutakuwa na kitambo kidogo ambacho prosesa inakwenda kasi kuliko volti zake, na kosa moja katika kitambo hicho latosha. Anajua pia kumweka mlinzi: ndani ya ATmega328P mna sehemu inayoweza kupangwa isimamishe prosesa volti zinaposhuka chini ya 1.8, 2.7 au 4.3, kulingana na mwendo uliochaguliwa.

Tena betri zenyewe hutulazimisha kujua. Betri mbili kavu zikiwa mpya hutoa volti 3. Zikikaribia kwisha hutoa 2. Prosesa yetu kwa megahezi 8 huhitaji volti zipatazo 2.4. Ikiachwa katika mwendo huo, itabidi isimame wakati betri bado zina nishati ndani. Ikipangwa ijipime volti zake na kushuka hadi megahezi 4, itaendelea kufanya kazi salama hadi volti 1.8. Programu ya mistari michache imenunua betri nyingine bila fedha.

Jaribio kwa shule

Yote haya yaweza kuonyeshwa mezani katika vipindi viwili. Yanahitajika: prosesa moja ya ATmega328P iliyochomekwa peke yake kwenye kibao cha matundu, betri kavu tatu, na mita ya kupimia umeme. Kibao kizima cha Arduino Uno kisitumike kwa jaribio hili, maana taa yake, kipunguza volti chake na sehemu inayozungumza na kompyuta hula umeme mwingi kiasi cha kuificha tofauti tunayoitafuta.

Prosesa hii ina saa yake ya ndani ya megahezi 8, na programu inaweza kuigawa kwa 1, 2, 4 au 8. Wanafunzi waandike programu ya kuhesabu jumla fulani ndefu, kisha wapime mkondo na muda wa kumaliza kwa kila mwendo, kwanza kwa betri mbili, halafu kwa tatu. Nishati ya kazi ni volti mara mkondo mara muda. Matokeo wayachore kwenye karatasi ya grafu, mkondo ukiwa juu na marudio yakiwa chini.

Wataona mambo matatu. La kwanza, volti zikiwa zile zile, mkondo hupungua pamoja na marudio, lakini nishati ya kazi nzima haipungui. La pili, wakilinganisha betri mbili na tatu kwa mwendo ule ule, nishati itakaribia uwiano wa 0.44, ambao ni theluthi mbili ikizidishwa kwa theluthi mbili. La tatu, mstari wao wa grafu hautaanzia kwenye sifuri. Mwalimu asiharakishe kueleza hilo la tatu. Awaache wabishane hadi mmoja wao agundue kwamba kile kilichobaki juu ya sifuri ndicho maji yanayovuja mtumbwini.

Shule yenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, yaweza kwenda mbele zaidi. Aina ya Raspberry Pi 3 B hukimbia kwa megahezi 1,200 ikiwa na kazi na kushuka hadi 600 ikipumzika. Programu endeshi ya Linux iliyomo humruhusu mtumiaji kuchagua: mwendo wa juu daima, mwendo wa chini daima, au mwendo unaofuata kazi. Wanafunzi wachague kila moja kwa zamu na kupima.

Ombi

Wakati andiko la Elimu ya Kujitegemea lilipotolewa mwaka 1967, mwandishi wake, mzaliwa wa Butiama, hakuwa akifikiria transista. Hata hivyo swali aliloliuliza lingali na nguvu: elimu tunayotoa inamwandaa kijana kwa maisha ya mahali gani? Tukimfundisha mwanafunzi wa Nyegina kubonyeza vitufe vya kompyuta tu, tumemwandaa awe mteja wa mipangilio ya wengine. Tukimfundisha kwamba mwendo na volti ni mambo ya kuchaguliwa, kwa hesabu anayoiweza na kwa kipimo anachokishika mkononi, tumempa uwezo wa kuuliza kwa nini kifaa hiki kinakula nishati hii, na kukirekebisha.

Ninaomba mambo mawili. Kwa walimu wa fizikia na wa kompyuta: someni pamoja kurasa za mtengenezaji zinazoonyesha ukomo wa volti na marudio wa prosesa mliyo nayo shuleni, mfanye jaribio hilo muhula huu, na matokeo mtuletee, hata yale yasiyolingana na hesabu. Kwa wanaonunua vyombo vya kupimia kwa ajili ya vijiji, iwe ni halmashauri, shule au mashirika: kabla ya kulipa, mtakeni muuzaji aeleze kwa maandishi kifaa kinatumia nishati kiasi gani kikiwa kazini na kikiwa kimelala, na kama mwendo na volti vyake vinaweza kubadilishwa. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo hajui anachouza, na anayenunua bila kuliuliza atalijibu mwenyewe kwa fedha za betri.